Mamba wa Laurensia

Naanza na kosa langu. Nikianza na Laurensia mtasema namtanguliza mjane ili nijifiche nyuma ya kitenge chake, na mimi nimeshajificha vya kutosha.

Naitwa Placidius, mwalimu mstaafu. Miaka thelathini na mmoja nimefundisha Kiswahili hapa Songambele, watoto ambao nyumbani wanaongea Kinyambo, Kihaya au Kinyarwanda, na Kiswahili wanakutana nacho darasani pamoja na fimbo. Kila mwaka darasa la pili tulifika kwenye somo la wanyama. Niliwaambia wachore mamba, na kila mwaka nusu ya darasa walinichorea samaki. Haukuwa ujinga. Kwa Kinyambo emamba ni samaki, yule mrefu wa matopeni, anayepanda juu kuvuta hewa kama mtu. Wenye asili ya Rwanda wanamwita imamba, ni huyo huyo. Mimi niliwawekea kosa kwa wino mwekundu.

"Mamba ana miguu minne na mkia wa magamba," niliwaambia. "Huyu mliyemchora ni mwingine."

Huyo mwingine anaitwaje kwa Kiswahili, sikuwaambia. Nilikuwa sijui, na mwalimu wa zama zetu hakuwa na ruhusa ya kutojua.

Sasa Laurensia. Marehemu mume wake, Ildefonsi, alikuwa mtoto wa baba yangu mkubwa, kwa hiyo ni shemeji yangu, na kati ya nyumba yake na yangu kuna safu mbili tu za mikahawa. Ni mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyelima tangu utoto. Ukimtania anakuacha umalize, halafu anakuuliza kama umekula. Kanisani anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Zamani nilidhani anapenda hewa. Baadaye sana nilielewa kwamba hataki watu wakae karibu naye na watoto wao wachanga.

Alizaa wanne. Wa kwanza alifariki akiwa na miezi minane. Asubuhi alinyonya na kucheka, kesho yake tukazika. Wa pili alichukuliwa na homa kabla hajajua kutembea vizuri. Wa tatu, Kahigi, alifika darasa la sita. Nilimfundisha mwenyewe, alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu, na tumbo lilimuua kwa siku tatu. Akabaki Evelyn peke yake. Kisha Ildefonsi alianguka shambani, jembe mkononi, hakuinuka. Halafu ukaja mnyauko.

Asiye wa huku huenda haujui mnyauko. Ni ugonjwa wa migomba. Jani moja linapauka na kulegea huku mengine bado ni ya kijani, unadhani ni jua tu. Baada ya wiki chache kibanja kizima, shamba lote la migomba, kimeoza kwa ndani, na ukikata shina linatoka usaha wa njano. Hakuna dawa zaidi ya kukata na kung'oa. Tuliumia wote, lakini Laurensia alikata migomba iliyopandwa na mama mkwe wake. Alipomaliza alikaa juu ya kisiki akaviangalia viganja vyake.

"Shemeji, mkono huu hauna heri," aliniambia. "Ninachokilea kinanyauka."

"Na wangu je? Si kibanja changu nacho kimekwisha?"

"Wewe umeondokewa na migomba tu."

Nilimsaidia kuburuta mashina mpaka shimoni, na tangu siku ile sikuwahi kumwona akipanda mgomba mwingine. Alipanda maharage na mihogo, vitu ambavyo, alisema, havihitaji kulelewa.

Evelyn ameajiriwa Rubwera, anatunza mafaili kwenye ofisi. Mume wake ni dereva wa lori la mazao. Leo yuko Nkwenda anapakia maharage, kesho kutwa hujui yuko barabara ipi. Mwaka jana mwezi wa kumi walipata mtoto wa kike, wakamwita Adela. Likizo ya uzazi ilipokwisha Evelyn alipata msichana wa kazi, akaondoka. Akapata wa pili, naye akaondoka. Sikukuu ya Pasaka alikuja na mtoto mgongoni, akanisalimia, "Shikamoo, baba mdogo," nikaitikia, kisha akapita moja kwa moja akapiga magoti mbele ya mama yake. Aliomba Adela akae na bibi yake Jumatatu mpaka Ijumaa. Ni ombi la kawaida. Nusu ya wajukuu wa kata hii wanakua hivyo.

Laurensia alikataa kabla binti hajamaliza. Mpaka siku hiyo alikuwa hajambeba mjukuu wake hata mara moja. Alimfumia kofia, alimfulia nepi, alimkorogea uji wa ulezi akampa Evelyn amnyweshe. Kumshika, hapana.

"Mama, nitafanya nini mimi?" Evelyn alilia. "Niache kazi?"

Laurensia aliangalia upande wa pipa. Hapo sina budi kuwaeleza habari za pipa.

Mwezi wa tatu, Uwiduhaye, mwanamume anayefyatua matofali bondeni, alikuwa anachimba udongo akakutana na kitoto cha imamba kwenye tope. Akakitia kwenye kopo la rangi, akamletea Laurensia kwa kuwa ndiye anayempa maji ya kunywa kila mchana. "Mama, mkuze huyu," alimwambia, "akinenepa nakuja tumle." Alikuwa anamtania. Anajua wanawake wa umri wa Laurensia hawali emamba. Walikatazwa tangu usichana na mwiko umebaki nao. Ndiyo maana yule mdogo alisalimika. Nyumba nyingine yoyote angeishia sufuriani siku ile ile.

Laurensia alimweka kwenye nusu ya pipa la bluu chini ya bati, akamfunika na ungo ili kunguru wasimwone. Alikuwa na urefu wa kiganja, rangi ya tope, madoa madoa. Mapezi yake yalikuwa nyuzi nne nyembamba alizozitumia kujisukuma chini kana kwamba anatembea. Nyuma ya kichwa, huku na huku, alikuwa na vishada vya manyoya mekundu, vikipepea majini hata akiwa ametulia. Sijapata kuona kitu kama kile kwa samaki. Laurensia alimchimbia minyoo, akamwokotea konokono wadogo, akabadilisha maji kila baada ya siku mbili. Nilimsikia akiongea naye Kinyambo, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Kahigi alipokuwa hai. Nilicheka peke yangu kwenye mikahawa, nikafurahi. Nasema wazi, nilifurahi.

Basi siku ile ya Pasaka aliangalia pipa, akamwambia Evelyn, "Kuna huyu ninayemlea. Akifika mwezi wa sita akiwa mzima, mlete mtoto."

Evelyn alicheka huku machozi yanamtoka. "Baba mdogo, umesikia? Mwanangu amewekewa dhamana na emamba."

"Nimesikia," nilimjibu. "Ila ni mara ya kwanza hajasema hapana. Kamata hiyo hiyo."

Akaikamata. Alikopa muda huku na huku, leo kwa jirani, kesho kwa wifi yake, na kila alipopiga simu kwa mama yake swali la kwanza lilikuwa, yule wa pipani hajambo? Hajambo. Mwezi wa nne hajambo. Alinenepa, alirefuka, alijifunza kupanda juu kuvuta hewa kwa mlio mdogo ambao ulimfanya Laurensia ageuke hata akiwa jikoni.

Katikati ya mwezi wa tano alinijia asubuhi, hana kilemba kichwani, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Shemeji, njoo na miwani yako. Ananyauka."

Nilivaa miwani, nikapiga magoti kando ya pipa. Nilimkagua kiumbe yule kwa uangalifu ambao sikuwahi kumkagua nao hata mwanafunzi wa mtihani. Macho yalikuwa maangavu. Tumbo lilijaa bila kuvimba. Ngozi ilikuwa nyororo, haina kidonda wala ukungu mweupe. Mkia ulikuwa mzima, haujaliwa mahali. Nilimtupia mnyoo, akaudaka kabla haujazama. Lakini manyoya ya nyuma ya kichwa, yale mekundu, yalikuwa yamepungua. Upande mmoja yalibaki mafupi kama nywele za mtoto aliyenyolewa juzi, upande wa pili vishada viwili tu ndivyo vilivyokuwa vinapepea.

"Anakula," nilisema. "Anacheza. Anaonekana mzima."

"Migomba nayo ilionekana mizima. Lilianza jani moja."

"Huyu si mgomba, shemeji."

"Na yule mtoto wangu wa kwanza? Ulikuja nyumbani siku ile, ukamshika shavu, ukasema huyu atakuwa bondia. Wangu wote walionekana wazima, Mwalimu. Mimi sijawahi kulea mtoto mwenye sura ya mgonjwa."

Alikuwa ananiita Mwalimu pale tu anapokuwa na hasira au hofu. Nilimwahidi nitatafuta mtaalamu. Aje mtu wa kazi hiyo, amwangalie, aseme kwa kinywa chake kama ni mzima au si mzima. Moyoni nilikuwa na hakika kwamba ni mzima, nikawa nataka tu mtu mwenye kofia ya serikali aseme, kwa sababu mimi maneno yangu kwake yalikuwa yamekwisha nguvu siku ya kisiki.

Bwana mifugo wetu alikuwa safarini. Nilimwomba namba ya yeyote anayejua viumbe vya majini, akanitumia moja. Ni ya ofisi gani sitaitaja, maana kosa halikuwa lao. Nilikuwa nimekaa uani kwa Laurensia asubuhi nzima, tumeongea Kinyambo tupu, emamba hivi, emamba vile, na neno lilikuwa limelowa mdomoni. Nikapiga.

"Habari za kazi, mkuu. Hapa ni Mwalimu Placidius, Songambele. Kuna mama jirani yangu anafuga mamba kwenye pipa."

"Unasema anafuga nini?"

"Mamba. Mdogo bado. Tunaomba mtaalamu aje amwangalie, maana hatuelewi kama ni mzima."

"Ana ukubwa gani?"

"Kama kiganja na nusu."

"Mama yake yuko wapi?"

"Mama yake si yuko huko mtoni," nilijibu nikacheka, nikidhani mtu wa ofisini ananitania.

"Mzee, hili si jambo la kucheka. Hapo nyumbani kuna watoto?"

"Kuna mjukuu anatarajiwa kuja kukaa."

"Asije kwanza. Na msimguse huyo mnyama. Kesho asubuhi vijana wangu watakuwa hapo."

Neno mnyama nililisikia. Nililisikia vizuri kabisa, nikaliacha lipite. Kwetu emamba haitwi samaki. Samaki ni samaki, emamba ni emamba, kwa hiyo mtu kumwita mnyama hakukunishtua. Mtaniuliza, wewe uliyewawekea watoto kosa miaka thelathini na mmoja, ilikuwaje? Sijui. Nililijua neno lile la darasani kama ninavyojua jina langu, na siku nilipolihitaji halikuja. Na jina sahihi nilikuwa sina. Kama ningekuwa nalo, au kama ningesema tu "samaki", Adela leo angekuwa anatambaa uani kwa bibi yake.

Jioni nilimwambia Laurensia wataalamu wanakuja kesho, tena haraka, hawakusita hata kidogo. Niliisifu serikali. Laurensia alifagia uwanja mara mbili, akachemsha ndizi za kununua kwa ajili ya wageni.

Asubuhi nilisimama njia panda karibu na kanisa ili niwaelekeze. Nilisimama saa nzima. Kumbe walikuwa wamechukua bodaboda Nkwenda, dereva anapafahamu nyumbani kwa Laurensia, akawapitisha njia ya bondeni. Yaliyofuata nimeyasikia kwa Laurensia na kwa wao wenyewe, na yanalingana.

Walikuwa askari wawili wa wanyamapori, mmoja na bunduki begani, mwingine ameshika mti mrefu. Walimkuta anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama. Mamba yuko wapi?"

Kiswahili cha Laurensia si kingi, lakini hilo ni neno la nyumbani kwao. "Marahaba, wanangu. Yumo humo," alisema, akaonyesha pipa. Bunduki aliiona, akafikiri ni desturi ya watu wa serikali. Akaenda mwenyewe kufunua ungo.

Usiku ule ilikuwa imenyesha na maji ya bati yamelichafua pipa, hakuna kilichoonekana ndani. Mwenye mti alimwomba asogee nyuma, akaliinua pipa kwa ncha ya mti wake, likapinduka. Maji yalitapakaa uwanjani. Kitu cheusi kikaja nayo kikijinyonganyonga, moja kwa moja mpaka miguuni pa Laurensia. Yeye akainama na mikono yote miwili kumwokota. Askari wa bunduki akaona mama mzee anapeleka mikono mitupu kwa mamba. Akamsukuma kando, akakanyaga kwa buti kwa nguvu zake zote.

Alitaka kumwokoa. Hata Laurensia mwenyewe analisema hilo.

Niliposikia makelele nilikimbia, nikafika nikihema. Askari alikuwa bado hajanyanyua mguu. Alipounyanyua aliangalia chini, akachuchumaa, akavua kofia.

"Huyu si kamongo?" alisema. "Mzee, huyu ni kamongo! Kwa nini hukusema kamongo?"

Hivyo ndivyo nilivyojifunza neno hilo, nikiwa na umri wa miaka sitini na saba. Laurensia alikuwa ameingia ndani na kurudisha mlango. Nilimweleza yule kijana kila kitu, emamba, imamba, manyoya, mjukuu. Alikaa juu ya pipa lililopinduka. Alisema amezaliwa kando ya ziwa, upande wa Mwanza, na kwao wanawashika wadogo kama hao kwenye matete. Kila kamongo mdogo ana manyoya hayo, alisema, na akianza kukua yanapungua na kwisha yenyewe. Akamgeuza kwa kidole. "Tumbo zuri, ngozi nzuri. Huyu alikuwa mzima kabisa. Alikuwa anakua tu."

Aliomba radhi mara nyingi. Aliniomba nimpelekee na mama. Sikuwa na hasira naye hata kidogo. Kahigi angekuwa hai wangelingana umri. Walipoondoka nilichimba shimo chini ya mkahawa, nikamfukia kiumbe yule, na nilipokuwa nafukia nilianza kuona mwanga, maskini mimi. Nilijiambia, kumbe ni habari njema! Alikuwa mzima. Miezi miwili na nusu mikononi mwa Laurensia, akanenepa, akakua mpaka akaanza kuacha utoto wake. Hakuna kilichonyauka. Nitamwambia, na atajua kwamba mikono yake haina ubaya wowote. Niliharakisha kunawa.

Alikuwa amekaa kitandani, mlango wa chumba wazi.

"Shemeji, sikiliza," nilisema. "Hakuwa mgonjwa. Yule askari anawajua, kwao wako wengi. Manyoya yanapotea wakikua. Alikuwa mzima kabisa, ulimlea vizuri."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

Nilingoja uso wake ufunguke. Badala yake niliona kitu kikifungwa, polepole, na nikatamani kuyarudisha maneno yangu.

"Afadhali angekuwa mgonjwa," alisema. "Mgonjwa angekufa ningesema ni ugonjwa. Sasa huyu alikuwa hana kitu. Mzima, na bado akafa."

"Ni neno langu lililomuua! Mimi, Laurensia, si mkono wako. Mimi ndiye niliyesema mamba kwenye simu."

"Nani alifunua ungo?"

"Shemeji..."

"Nani aliwaambia yumo humo?" Hakupandisha sauti. "Umejitahidi, Mwalimu. Nenda ukale, ndizi zipo jikoni."

Nilikwenda kwake kesho yake, na keshokutwa, na kila siku ya wiki ile. Nilimweleza kwa Kinyambo, nilimweleza kwa Kiswahili, nilimleta katekista amweleze kwa maneno ya dini. Alitusikiliza wote. Pipa alilisimamisha ukutani, akalitumia kuwekea maganda ya maharage. Evelyn nilimpigia simu mimi, kwa sababu mama yake hakutaka kupiga. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo amesema nini kuhusu mtoto?" na nilimwambia aje ajaribu mwenyewe.

Alikuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita. Adela alikuwa ametimiza miezi minane. Tulikaa uani, mimi kwenye kigoda, Evelyn kwenye mkeka na mtoto mapajani, Laurensia kwenye kizingiti cha mlango wake, mbali kidogo, mikono imefichwa chini ya kitenge. Evelyn alikuwa amejiandaa kusema mengi, nilimwona. Wifi yake amechoka. Ofisini ameshapewa barua ya onyo. Kuna mama wa mume wake huko Missenyi, ambaye yuko tayari kumchukua mtoto, lakini huko ni mbali, atamwona mara moja kwa miezi miwili au mitatu. Aliyasema yote. Mtoto, kofia ile ya kufuma kichwani, alikuwa anamwangalia bibi yake. Akaanza kutambaa kuelekea kizingitini, taratibu, anapumzika, anaendelea.

Alipobakiza hatua moja Laurensia alivuta miguu yake ndani ya kitenge.

"Mwalimu," alisema. "Una miwani. Mchukue umwangalie."

Nilimwinua Adela, nikamweka magotini. Sikujua nifanye nini na macho yangu. Nilimwangalia kwa sababu niliombwa. Macho yalikuwa meupe na maangavu. Mashavu yamejaa, meno mawili chini, moja linachomoza juu. Aliishika miwani yangu akaivuta kwa nguvu, akacheka.

"Anaonekanaje?" Laurensia aliuliza.

Ningeweza kudanganya. Nilifikiria, Mungu anisamehe, nikimwambia mtoto ana kasoro fulani labda ataona huruma, labda atamchukua. Lakini nilikuwa nimemaliza haki yangu ya kucheza na maneno katika nyumba ile.

"Mzima," nilisema. "Mzima kabisa, shemeji."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alitikisa kichwa kukubali. Alimwangalia yule mtoto kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu, kama mtu anayejifunza kitu kwa moyo.

"Basi mpelekeni Missenyi," alisema, "aondoke hapa akiwa hivyo hivyo."